Kinyume, Ufunguo na Kitasa: Kuzieleza Algoriti za Usimbaji kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza namna algoriti za usimbaji fiche, kama zinavyopatikana katika maktaba za programu za kompyuta, zinavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupotosha maana yake. Suala hili si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Mkulima wa mwani wa Mlingotini au mchuuzi wa samaki wa Bagamoyo anapotuma fedha kwa simu, usalama wa fedha hizo hutegemea uamuzi uliofanywa na mtu aliyeandika jina fupi la algoriti katika mstari mmoja wa programu. Jina hilo huwa la Kiingereza au ni kifupisho cha herufi tatu, na mara nyingi aliyeliandika hakupata maelezo yake kwa lugha anayoitumia kufikiri. Upungufu wa maelezo, basi, si upungufu wa lugha tu. Huweza kuwa upungufu wa ulinzi.

Ni vema kuanza na maneno mawili ambayo historia yake haiko mbali na mwambao. Neno algoriti linatokana na jina la mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Nalo neno ambalo Waingereza na Wafaransa hulitumia kutajia maandishi ya siri linatokana na neno la Kiarabu sifr, ambalo ndilo lililotupatia sifuri. Wazungu walipozipokea tarakimu kutoka kwa Waarabu, alama ya pahala patupu iliwashangaza hata jina lake likaja kuwa jina la jambo lolote lisilofahamika. Waswahili walilipokea neno hilo hilo lakini wakaliacha na maana yake ya hesabu. Kwa hiyo, hapana sababu ya kudhani kwamba taaluma hii ni ngeni kiasi cha kuhitaji istilahi zote za kuazima.

Kwa usimbaji, mwambao una mfano wake wenyewe, nao ni kinyume. Ndio utakaotumiwa hapa kama ngazi ya kufikia algoriti za kisasa.

2.0 Kinyume kama algoriti

Kinyume ni namna ya kuzungumza ambamo silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzoni. Edward Steere alikiandikia katika kiambatisho cha kitabu chake, A Handbook of the Swahili Language, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1870, kama jambo alilolikuta Unguja. Kanuni yake ni moja, nayo haina shaka ndani yake. Jina Bagamoyo, ambalo asili yake imezua mijadala mingi isiyohusu makala hii, linafaa hapa kwa kuwa lina silabi nne wazi: ba-ga-mo-yo. Kwa kinyume huwa yobagamo. Pwani huwa nipwa, na Saadani huwa nisaada. Sentensi nzima kama "Jahazi linakuja kesho" huwa "Zijaha jalinaku shoke".

Muundo wa silabi za Kiswahili ndio unaouwezesha mchezo huu. Kwa kuwa takriban kila silabi humalizika kwa irabu, silabi yoyote huweza kutangulia au kufuata nyingine bila kuutatiza ulimi. Msemaji mzoefu husema kwa kinyume kwa kasi ya kawaida, na asiyekijua huona anasikia lugha ya kigeni.

Hata hivyo, mtu akikichunguza kinyume kwa jicho la msimbaji, ataona kasoro nne, na kila moja ina mwenziwe katika maktaba za leo.

Kwanza, yako maneno yasiyobadilika. Neno la silabi moja kama na, ya au si hubaki kama lilivyo. Kadhalika baba, dada na kaka, kwa sababu silabi zake mbili zinafanana. Algoriti iitwayo DES, itakayoelezwa baadaye, ina funguo nne zinazojulikana kuwa dhaifu kwa sababu inayokaribiana na hii: ujumbe ukisimbwa mara mbili kwa mojawapo ya funguo hizo, hurudi ulivyokuwa, kama vile nipwa inavyorudi kuwa pwani.

Pili, neno lile lile hutoa jibu lile lile daima. Aliyegundua mara moja kwamba shoke ni kesho hahitaji kugundua tena.

Tatu, matokeo huweza kuwa neno jingine halali. Lima huwa mali. Kata huwa taka. Msikilizaji hutegemea muktadha ili ajue kama neno limesimbwa au la. Kinyume hakina alama yoyote ya kumhakikishia kwamba alichokisikia ndicho kilichosemwa.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, kinyume hakina ufunguo. Siri yake yote imo katika kanuni, na kanuni ikishafahamika hakuna kilichobaki. Hata kama wasemaji wangekubaliana kuhamisha silabi mbili au tatu badala ya moja, neno lenye silabi nne lingekuwa na njia tatu tu za kugeuzwa. Mtoto angezijaribu zote kabla mnong'ono haujaisha.

Huenda mtu akadhani kwamba njia ya kubadilisha herufi kwa herufi nyingine ingekuwa imara zaidi. Kwa Kiswahili, njia hiyo ni dhaifu kuliko ilivyo kwa lugha nyingi. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne hiyo hiyo ya 9, alieleza kwamba maandishi ya namna hiyo huvunjwa kwa kuhesabu herufi zinazojirudia zaidi. Katika Kiswahili kinachoandikwa kwa hati ya Kilatini, karibu kila neno humalizika kwa moja ya irabu tano, na a huzizidi nyenzake kwa mbali. Anayetaka kuyavunja maandishi ya Kiswahili yaliyobadilishwa herufi huanza mwisho wa maneno, na irabu zote humjia mara moja. Uzuri ule ule unaokiwezesha kinyume ndio unaoufichua ubadilishaji.

3.0 Siri ya kanuni na siri ya ufunguo

Bagamoyo ilipata waya wa simu ya maandishi mwaka 1890, pale kebo ya chini ya bahari ilipoiunganisha na Unguja na Dar es Salaam. Unguja yenyewe ilikuwa imeunganishwa na Aden tangu 1879. Tangu hapo ujumbe wa mfanyabiashara wa pembe au wa ofisa wa Kijerumani ulipita mikononi mwa makarani kadhaa kabla ya kufika. Barua iliyofungwa kwa lakiri ilikuwa na ulinzi wa karatasi yake. Ujumbe wa waya haukuwa na karatasi. Wafanyabiashara wa dunia wa wakati huo walitumia vitabu vya msimbo ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Lengo la kwanza lilikuwa kupunguza gharama, kwani malipo yalikuwa kwa kila neno. Usiri ulikuwa faida ya ziada, nao uliisha pale mtu mwingine aliponunua kitabu hicho hicho.

Miaka saba kabla ya kebo hiyo kufika Bagamoyo, yaani 1883, mwanaisimu na mwalimu wa lugha Auguste Kerckhoffs alichapisha katika jarida la kijeshi la Ufaransa masharti ya mfumo mzuri wa usimbaji. Sharti lililodumu kuliko mengine ni kwamba mfumo usihitaji kuwa siri, na ukiangukia mikononi mwa adui kusiwe na madhara. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake, kwa kuwa ufunguo ni mfupi na huweza kubadilishwa kwa urahisi. Inafaa kusisitizwa kwamba aliyesema hivyo alikuwa mtu wa lugha.

Sharti hili lilipuuzwa mara nyingi, na mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni simu za mkononi za mfumo wa GSM. Algoriti zilizolinda sauti katika mfumo huo, A5/1 na A5/2, zilibuniwa kwa siri katika miaka ya 1980. Ya pili ilidhoofishwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo hazikuaminiwa kupewa iliyo imara. Kufikia 1999 kanuni zote mbili zilikuwa zimegunduliwa kwa kuzichunguza simu zenyewe, na A5/2 ikavunjwa mara moja. Simu na mnara huafikiana ni ipi itumike, na katika orodha hiyo hiyo imo A5/0. Jina linafanana na la nduguze, ila maana yake ni kwamba hakuna usimbaji wowote. Hapa sifuri imerudi kazini kwake.

4.0 Maktaba na watoaji wake

Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo mwandishi wa programu huziita kwa majina badala ya kuziandika upya. Katika usimbaji jambo hili si la kurahisisha kazi tu. Algoriti inayoandikwa na mtu mmoja kwa haraka, hata kama ni sahihi katika hesabu, huweza kuvujisha ufunguo kwa njia asizozitarajia, kwa mfano kwa kuchukua muda tofauti kidogo kwa kila ufunguo. Ni heri kutumia iliyokwisha kukaguliwa na wengi.

Mfano utakaochukuliwa hapa ni mpango wa usimbaji wa lugha ya Java, ulioanza katika toleo la 1.1 mwaka 1997. Wazo lake la msingi ni kutenganisha jina la kazi na anayeifanya. Programu huomba algoriti kwa jina, na maktaba humtafuta mtoaji, yaani kifurushi kilichochomekwa, anayeweza kuitekeleza. Mtoaji huweza kuondolewa na mwingine akawekwa bila programu yenyewe kuandikwa upya. Milango ya nakshi ya Bagamoyo inatoa picha iliyo karibu: fremu na ubao hudumu kwa vizazi, ilhali kitasa hubadilishwa kila ufunguo unapopotea au fundi mpya anapoleta kilicho bora. Mlango uliochongwa pamoja na kitasa chake hauna budi kuvunjwa wote.

Mpango huu haukuzaliwa kwa sababu za ufundi tu. Hadi Januari 2000 sheria za Marekani zilibana vikali usafirishaji wa programu za usimbaji imara nje ya nchi hiyo, kwa hiyo sehemu ya usimbaji ya Java ilitolewa kando na haikuunganishwa na lugha yenyewe hadi toleo la 1.4 mwaka 2002. Watu wa nje walilazimika kuandika watoaji wao. Mmoja wa waliodumu ni Bouncy Castle, ulioanzishwa Australia mwaka 2000. Hata baada ya hapo, Java ilikuja na mipaka: hadi matoleo ya mwaka 2017 na mwanzo wa 2018, aliyetaka ufunguo wa AES uliozidi biti 128 alipaswa kuweka faili maalumu la ruhusa. Mwandishi wa programu wa Dar es Salaam aliyekuta programu yake inakataa ufunguo mrefu alidhani amekosea, kumbe alikuwa amegota kwenye sheria ya nchi nyingine.

5.0 Algoriti zilizomo

5.1 Za ufunguo mmoja

Katika kundi hili anayesimba na anayesimbua hutumia ufunguo ule ule. Mkongwe ni DES, kiwango cha Marekani cha mwaka 1977. Ufunguo wake una biti 56, yaani funguo zinazowezekana ni takriban 72 ikifuatiwa na sifuri 15. Idadi hiyo ilionekana kubwa wakati huo. Mwezi Julai 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation lilitengeneza mashine kwa gharama isiyofika dola 250,000, ikaupata ufunguo kwa saa 56. Njia ya kuitumia DES mara tatu mfululizo iliirefushia maisha, lakini ni ya polepole, hushughulikia vipande vifupi vya biti 64, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikoma kuiruhusu kwa usimbaji mpya baada ya 2023.

Iliyoshika nafasi yake ni AES, iliyotangazwa Novemba 2001 baada ya shindano la wazi lililoshindwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Uwazi huo wenyewe ni ushindi wa Kerckhoffs. AES huchukua kipande cha baiti 16 na kuzipanga katika mraba wa mistari minne yenye baiti nne kila mmoja. Kisha, kwa mizunguko 10, 12 au 14 kulingana na urefu wa ufunguo, kila baiti hubadilishwa kwa nyingine kwa kufuata jedwali, mistari husogezwa, safu huchanganywa, na sehemu ya ufunguo huongezwa. Katika mzunguko wa mwisho tu uchanganyaji wa safu huachwa.

Hatua ya kusogeza mistari inastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi wa Kiswahili. Mstari wa kwanza hauguswi. Wa pili husogezwa nafasi moja kushoto, wa tatu nafasi mbili, na wa nne nafasi tatu. Kusogeza vitu vinne nafasi tatu kushoto ni sawasawa na kukichukua cha mwisho na kukiweka mbele. Ba-ga-mo-yo huwa yo-ba-ga-mo. Kwa maneno mengine, ndani ya algoriti inayolinda benki za dunia, mstari wa nne wa kila mzunguko huzungumza kinyume kile kile alichokisikia Steere.

Tofauti, basi, haiko katika kitendo bali katika mahali kilipowekwa. Claude Shannon, katika makala yake ya 1949, alionyesha kwamba usimbaji imara hutokana na kuunganisha vitendo vya aina mbili: kuvuruga uhusiano kati ya ufunguo na maandishi, na kuisambaza kila sehemu ya ujumbe hadi iguse sehemu zote. Kuhamisha peke yake ni mchezo. Kubadilisha peke yake al-Kindi alikwisha kukuvunja. Vikipishana mara kumi na ufunguo ukiingia kati kila mara, haijulikani njia ya kuuvunja ufunguo wa biti 128 kwa uchache wa juhudi unaomfaa mshambuliaji, kwani funguo zake huhesabiwa kwa namba yenye tarakimu 39.

Pamoja na uimara huo, AES huweza kutumiwa vibaya kwa sababu ya jina tu. Katika Java, jina kamili lina sehemu tatu: algoriti, utaratibu wa kuunganisha vipande, na namna ya kujazia kipande cha mwisho kisichotimia. Mwandishi anayeandika "AES" peke yake haambiwi kwamba amesahau kitu. Mtoaji wa kawaida wa Java humchagulia utaratibu uitwao ECB, ambamo kila kipande husimbwa peke yake. Hapo kasoro ya pili ya kinyume hurejea yote: kipande kile kile hutoa jibu lile lile. Ichukuliwe kwamba kikundi cha kuweka na kukopa kinahifadhi daftari lake kwa njia hiyo, na kiasi cha akiba ya kila mwanachama kimekaa katika kipande chake cha baiti 16. Karani asiye na ufunguo hawezi kusoma kiasi chochote, lakini ataona wazi ni wanachama gani wenye akiba sawa, na ni yupi ambaye kiasi chake hakijabadilika tangu mwaka jana. Akijua akiba yake mwenyewe, amekwisha kujua ya wote wanaolingana naye. Zaidi ya hayo, anaweza kukitoa kipande cha mtu mmoja na kukiweka pa mwingine bila daftari kulalamika.

Jina linalofaa ni "AES/GCM/NoPadding". Utaratibu wa GCM huhitaji namba ya mara moja, kwa kawaida ya biti 96, ili ujumbe ule ule usitoe matokeo yale yale mara mbili, na huambatisha muhuri wa biti 128 unaoonyesha kama kuna aliyeyagusa maandishi. Muhuri huo ndio tiba ya kasoro ya tatu, ile ya lima na mali. Sharti lake ni kali: namba ya mara moja ikirudiwa chini ya ufunguo mmoja, usiri huvuja na muhuri huweza kughushiwa. Maelezo yasiyolitaja sharti hili ni afadhali yasitolewe.

Kuna pia ChaCha20, kazi ya Daniel Bernstein ya mwaka 2008, ambayo Java iliipokea mwaka 2018 ikiwa pamoja na muhuri wa Poly1305. Hutumia kujumlisha, kusogeza na kulinganisha biti tu, kwa hiyo huenda kwa kasi hata katika simu za bei nafuu zisizo na sakiti maalumu ya AES. Kwa mazingira ya mwambao sifa hiyo si ndogo. RC4, ambayo Java huiita ARCFOUR, ilipendwa kwa sababu ya wepesi huo huo, lakini ilipigwa marufuku katika mawasiliano ya intaneti yaliyosimbwa mwaka 2015.

5.2 Za muhtasari

Algoriti za kundi hili hazisimbi, na kosa la kuziita za usimbaji limeenea sana. Hupokea maandishi ya urefu wowote na kutoa muhtasari wa urefu maalumu, ambao hauwezi kurudishwa kuwa maandishi. Kinachotakiwa ni kwamba isiwezekane kupata maandishi mawili yenye muhtasari mmoja. MD5 ya mwaka 1992 ilishindwa sharti hilo mwaka 2004, pale Wang Xiaoyun na wenzake wa China walipoonyesha jozi za namna hiyo. SHA-1 ilifuata 2017, watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walipotoa faili mbili tofauti zenye muhtasari mmoja. SHA-256 na SHA-3 bado zinaaminika.

Lakini hata SHA-256 ina mahali isipofaa. Namba ya siri yenye tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu. Anayehifadhi muhtasari wa namba hizo akidhani amezificha, amefanya kazi ya kinyume: kompyuta ya kawaida huijaribu michanganyiko yote kabla mtu hajapepesa jicho. Ziko algoriti zilizotengenezwa kuwa za polepole makusudi, kama PBKDF2, ambayo hurudia kazi maelfu kwa maelfu ya mara. Hizo husaidia kwa nywila ndefu. Kwa tarakimu nne kinga halisi ni kuweka ukomo wa mara za kujaribu na kulilinda faili lenyewe.

5.3 Za jozi ya funguo

Hapa funguo ni mbili: wa wazi, ambao hutolewa kwa yeyote, na wa siri, ambao hukaa na mwenyewe. Maarufu ni RSA, iliyobuniwa 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Uimara wake hutokana na ugumu wa kuigawa namba kubwa katika namba tasa mbili zilizozidishwa kuipata. Namba ya biti 829 iligawanywa mwaka 2020, kwa hiyo funguo za biti 1024 haziaminiki tena na 2048 huchukuliwa kuwa kiwango cha chini. Algoriti za mikunjo ya duaradufu hutoa uimara unaolingana kwa funguo fupi zaidi, jambo linalofaa kwa kadi za simu.

Kompyuta za kikwantamu, zikifikia ukubwa unaotosha, zitazivunja zote hizo. Ndiyo maana NIST ilitangaza viwango vitatu vipya mwezi Agosti 2024, na viwili kati yake, ML-KEM na ML-DSA, vimo katika Java tangu toleo la 24 la Machi 2025. Kitasa kimebadilishwa, programu zilizoandikwa vizuri zinaweza kukipokea kwa kubadili jina katika mahali pachache. Zile zilizochongwa pamoja na RSA zitavunjiwa mlango.

6.0 Tatizo la maelezo

Ugumu mkubwa wa orodha za maktaba ni kwamba walio hai na waliokufa hulala kitanda kimoja. Katika majina rasmi ya Java, hata katika matoleo ya miaka ya 2020, MD5 imekaa jirani na SHA-256, na DES jirani na AES, kwa kuwa kuna mafaili ya zamani yanayohitaji kusomwa. Humo imo hata kazi iitwayo NullCipher, ambayo huyarudisha maandishi kama ilivyoyapokea. Orodha husema kipi kipo; haisemi kipi kitumike. Kazi hiyo ni ya maelezo, na maelezo ni kazi ya lugha.

Kwa upande wa istilahi, kusimba na kusimbua zimekwisha kuzoeleka, na usimbaji fiche umeenea katika simu na tovuti. Muhtasari unafaa kuliko msimbo kwa kundi la pili, kwani mtu anayejua muhtasari wa kitabu hatarajii kukipata kitabu kizima kutoka humo. Muhuri na sahihi hazina budi kutenganishwa. Muhuri hutokana na ufunguo unaoshirikiwa, kwa hiyo yeyote kati ya wawili wenye ufunguo angeweza kuupiga. Sahihi hutokana na ufunguo wa siri wa mtu mmoja, na ndiyo inayoweza kumfunga aliyeitia asikane. Tofauti hii ina uzito wa kisheria Tanzania tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilipoitambua sahihi ya kielektroniki. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamdai anayehifadhi taarifa za watu kuzilinda ipasavyo, na asiyeweza kueleza kwa Kiswahili alichokifanya atapata shida kumweleza mwanachama wa kikundi chake.

Maelezo ya algoriti moja, basi, yangeweza kuandikwa hivi:

"AES/GCM/NoPadding. Kazi: kusimba na kutia muhuri kwa pamoja. Ufunguo: mmoja, biti 128 au 256, wa siri. Sharti: namba ya mara moja ya biti 96, isirudiwe kamwe chini ya ufunguo mmoja. Haifanyi: haimtambulishi aliyetuma kati ya wenye ufunguo, haifichi urefu wa ujumbe. Hali: inaaminika, imetangazwa 2001 kwa algoriti na 2007 kwa utaratibu."

Na kwa jirani yake:

"DES. Kazi: kusimba. Ufunguo: mmoja, biti 56. Hali: ilivunjwa 1998. Itumike kusomea mafaili ya zamani tu, kisha mafaili hayo yasimbwe upya."